Mwanangu anajua herufi zote lakini kusoma hawezi, nichukue programu ipi ya foniksi?

Shikamoo mwalimu,

Naomba unisaidie maana nimefika mahali sijui tena nishike lipi niache lipi. Nina kijana wangu anakaribia miaka sita, mchangamfu, anaongea sana, anapenda hadithi kupita kiasi, ukimsomea moja anataka mbili. Nyumbani tunaongea Kiswahili ila shule atakayoanza wanafundisha kwa Kiingereza, kwahiyo mi na baba yake tukakubaliana nimuanzishe kusoma hapahapa nyumbani kwa sababu mi ndo niko nae muda mwingi.

Nikaanza na video ya kuimba A B C, akaishika ndani ya wiki moja. Nikafurahi nikaona kazi nusu imeisha. Baadae rafiki yangu akaniambia hiyo sio foniksi, kwenye foniksi mtoto anafundishwa sauti za herufi sio majina yake, basi nikatafuta apu moja ina vikatuni, mtoto anasikia sauti anagusa picha anapata nyota, kamaliza leveli zote kwa miezi miwili. Nyota kibao. Siku moja nikamuandikia neno kwenye karatasi, pin, herufi tatu tu na zote anazijua. Akaniangalia usoni kwanza. Akasema "pen?" nikatikisa kichwa, akasema "pencil?" nikatikisa tena, akasema "pilau?" hapo nikajua hatuko pamoja kabisa.

Nikaacha apu nikanunua seti ya kadi na vijitabu vidogo vidogo, tukafika somo la tisa, nikaona inakwenda polepole mno na yeye anapiga miayo, nikaiweka kabatini. Sasa hivi kuna programu nyingine nimeiona ya kulipia kila mwezi, wanasema mtoto atasoma baada ya muda mfupi tu, nimekaa na simu mkononi siku ya tatu leo sijui nilipie au nisilipie. Hiyo itakuwa ya nne mwalimu.

Lililoniumiza zaidi ni la juzi. Alichukua kitabu anachokipenda akamsomea baba yake mwanzo mpaka mwisho, anafunua kurasa vizuri, hata sauti ya simba anaiweka, baba yake anampigia makofi. Mi nikashtuka kidogo, nikaenda nikaiziba picha kwa mkono wangu nikamwambia haya soma hapa. Akanyamaza. Halafu akasema, "mama toa mkono, siwezi kusoma bila picha." Nikasema jaribu tu. Akaanza kulia, na tangu siku hiyo nikishika kitabu anauliza kwanza, "utaziba?"

Baba yake anasema nimuache mpaka afike miaka saba, atasoma tu mwenyewe. Wifi yangu anasema wa kwake alisoma akiwa na miaka minne. Mi nina wasiwasi labda kichwani kuna kitu hakijakaa sawa, maana hata b na d anazichanganya kila siku, au labda tatizo ni mimi maana Kiingereza changu ni cha kujifunzia ukubwani na sauti nyingine sijui hata kama nazitoa sawasawa. Je nichukue programu ipi? Na nianze na Kiingereza au Kiswahili? Nisaidie mwalimu, nampenda sana huyu mtoto na sitaki achukie vitabu kwa ajili yangu.

Mama wa Wawili

---

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote nimesimama palepale, pale mtoto aliposema siwezi kusoma bila picha. Huyo mtoto amekuambia ukweli wote kwa maneno manne. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi na ni wachache sana niliowasikia wakieleza tatizo lao kwa uwazi hivyo, wengi wananyamaza tu au wanasema kichwa kinauma. Kwahiyo nikujibu la kichwa kwanza uweze kulala: kwa haya uliyoniandikia, sioni dalili kwamba kichwani hakujakaa sawa. Amekariri kitabu kizima, akajua picha ipi inakwenda na maneno yapi, akajua hata kukusoma wewe usoni. Ni akili kubwa hiyo ila imeshika kazi ambayo sio kusoma, na imeishika kwa sababu hakuna aliyemuonyesha kusoma kwenyewe kunafanyikaje.

Ngoja nikueleze nina maana gani. Kuna kujua jina la herufi, kuna kujua sauti yake, halafu kuna kuzichukua zile sauti na kuzibandika moja kwa nyingine mpaka neno litokee mdomoni. Hilo la tatu ndo kusoma. Video ilimpa la kwanza, apu ikampa la pili, la tatu hajapewa na mtu yeyote. Na ile apu angalia ilivyokuwa inamuuliza, inatoa sauti halafu inamuwekea picha za kuchagua, sasa mtoto mwerevu akiwekewa picha tatu anajifunza kuchagua, anapatia, anapewa nyota, kesho anapatia zaidi. Hakuna siku apu ilimsikiliza yeye akilitamka neno ambalo hakutamkiwa kwanza. Miezi miwili amefanya mazoezi ya kubahatisha na amekuwa hodari. Alipokutana na pin akafanya alichozoeshwa, akashika p ya mwanzo akatafuta neno linaloanza hivyo, na alipokosa picha akatafuta jibu kwenye uso wako.

Sasa la sauti zako. Hili ni kubwa kuliko unavyodhani ila dawa yake ipo na ni rahisi. Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili midomo yetu haipendi kuacha konsonanti peke yake, karibu kila silabi yetu inaishia na irabu, kwahiyo tukiambiwa tamka sauti ya p tunasema "pa" au "pi" au "pu", t tunasema "ti", n tunasema "ni" au "na". Halafu tunamwambia mtoto haya unganisha: pa, i, na. Mtoto anaunganisha kwa uaminifu anapata "paina". Hakuna neno hilo, anachanganyikiwa, na sisi tunasema mbona hashiki. Ameshika bwana, sisi ndo tumempa matofali yenye vipande vilivyozidi.

Fanya hivi leo usiku ukiwa peke yako. Weka kiganja mbele ya mdomo, sema p kwa kunong'ona, upate pumzi tu kwenye kiganja bila mlio wowote kooni. Ukisikia koo linatetemeka umeongeza irabu. Hivyohivyo t na k. Zile za kuvutika, yaani s, m, n, f, l, z, unazivuta tu bila kuzikata, sssss, mmmmm. Hizo ndo uanze nazo kwenye kuunganisha, kwa sababu mtoto anaweza kuvuta sauti ya kwanza mpaka ikaingia kwenye ya pili bila kusimama katikati. Muandikie sun, weka kidole chini ya s, vuta sssss, usikate, teleza kwenye u, teleza kwenye n, halafu sema haraka. Halafu yeye. Wengi tunawafundisha watoto kusema sauti, kusimama, kusema sauti, kusimama, na kwenye kule kusimama mtoto anasahau ya kwanza kabla hajafika ya mwisho. Usisimame. Hilo la kutokusimama peke yake nimeliona likifungua watoto waliokuwa wamekwama wiki nzima.

Kuhusu Kiswahili au Kiingereza kwanza, mi ningeanza na Kiswahili, na nasema hivi nikijua shule yake ni ya Kiingereza. Kiswahili kina irabu tano na kila moja ina sauti yake ileile popote utakapoikuta, ukiona a ni a. Hakuna herufi ya kunyamaza. Ni zile chache tu za kukaa mbili mbili kama sh, ch na ny, na ng' yenye alama yake, na hizo zitakuja baadae. Kiingereza kina herufi 26 lakini sauti zake ni kama 44 hivi, u ya put sio u ya cut, na e ya mwisho wa kite imekaa kimya lakini imeigeuza i ya katikati. Mwaka 2003 Seymour na wenzake walichapisha utafiti wa kulinganisha watoto wanaojifunza kusoma kwa Kiingereza na wa lugha nyingine 12 za Ulaya, mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule watoto wa Ufini, ambao maandishi yao yananyooka kama yetu, walikuwa wanasoma sawasawa maneno 98 katika kila 100, wa Kiingereza walikuwa 34. Mwaka wa pili hao wa Kiingereza wakafika 76. Ni kweli wale wa Ufini walianza wakiwa wakubwa zaidi, lakini pengo la namna hiyo umri peke yake hauwezi kulieleza, maandishi yenyewe ya Kiingereza ni mlima.

Kwahiyo mtoto anayeongea Kiswahili tayari ana ngazi nyepesi mlangoni, apande hiyo kwanza. Akishaelewa kwamba maandishi ni sauti zilizopangwa kutoka kushoto kwenda kulia na ukizibandika unapata neno unalolijua, atalihamishia kwenye Kiingereza, halifundishwi mara mbili. Kitakachobaki ni sauti ngeni za irabu na tahajia zao, hiyo ni kazi ya kweli lakini ni kazi ya mtoto anayejua kusoma tayari. Chukua a, i, u, m, t, k. Herufi sita tu. Unapata kiti, kitu, tatu, taa, kata, mkia, tumia. Usianze na mama na baba maana hayo huenda ameshayajua kwa sura kama alivyojua nembo za vitu. Na silabi zetu, ma me mi mo mu, ni nzuri sana ila zina mtego mmoja, watoto wanaziimba. Anaimba mstari mzima huku macho yako dirishani. Ukishamfundisha mstari uvuruge, andika mo peke yake, mi peke yake, ka kati yao, uone kama anasoma au anaimba.

Haya sasa swali lako lenyewe, programu ipi. Jibu langu ni usilipie hiyo ya nne. Toa ile seti ya kadi kabatini urudi somo la kwanza.

Najua sio jibu ulilotegemea kwahiyo nikueleze. Mwaka 2000 kule Marekani jopo la kitaifa la kusoma, National Reading Panel, lilikusanya tafiti za miaka mingi likaona kwamba kufundisha foniksi kwa mpangilio, hatua kwa hatua, kunawasaidia watoto kuliko kuifundisha kwa kudonoadonoa au kutoifundisha kabisa. Lakini walipozilinganisha aina za foniksi zenye mpangilio zenyewe kwa zenyewe hawakupata tofauti ya maana kusema hii ndo bora kuliko zote. Maana yake kwako wewe mzazi ni kwamba kilichobeba mzigo ni ule mpangilio na kuufuata mpaka mwisho, jina la kwenye boksi linabeba kidogo sana. Na wewe mwanangu umeanza mipangilio mitatu na hakuna hata mmoja uliomfikisha mtoto kwenye kuunganisha. Kila ukibadili mtoto anaanza upya na sauti zilezile kwa nyimbo mpya na picha mpya, somo la tisa unaacha, na hapo penye miayo, naomba unisamehe nikisema wazi, hapo ndo penyewe palikuwa panaanza kazi.

Hata hivyo usiirudie ile seti kwa sababu tu umeshaitoa hela, ikague kwanza kama vile unainunua leo. Angalia masomo ya mwanzo yanampa herufi gani. Ikienda a, b, c, d kwa mpangilio wa alfabeti hiyo imepangwa kwa ajili ya wimbo, sio kwa ajili ya maneno, na tena inamuwekea b na d karibukaribu, ndo hao wanaokusumbua. Programu nzuri inaanza na herufi chache zinazozaa maneno mengi mapema. Jolly Phonics kwa mfano ina sauti 42 na kundi lake la kwanza ni s, a, t, i, p, n, hizo sita tu zinakupa sat, sit, pin, tin, pan, tap, nap, nip na mengine. Halafu angalia lini mtoto anaanza kuunganisha, kama mpaka amalize herufi zote 26 ndo aambiwe soma neno, achana nayo, inatakiwa wiki ya kwanza hiyohiyo awe ameshaunganisha neno lake la kwanza hata kama ni la herufi mbili.

Kisha fungua vile vijitabu, hapo tulia kidogo. Soma kijitabu cha kwanza wewe mwenyewe, kila neno jiulize, je mpaka somo hili mtoto amefundishwa sauti zote zilizomo humu? Yakiwemo mawili matatu ya kukariri kama the na was sio mbaya, Kiingereza hakikwepi hayo. Lakini ukikuta sentensi kama "I see an elephant" kwenye somo la tano huku kuna picha ya tembo ukurasa mzima, basi hicho kijitabu kinamfundisha kuangalia tembo, ni ugonjwa uleule alionao sasa. Na maelekezo ya mzazi yakisema mwambie mtoto aangalie picha na herufi ya kwanza kisha akisie, irudishe ilikotoka kama inarudishika. Kwenye hili sina maneno ya katikati, nimeona watoto wengi mno waliofika darasa la tatu wakiwa wanakisia, na kuiondoa hiyo tabia ni kazi mara mbili ya kufundisha tangu mwanzo.

Jambo jingine ambalo wazazi hawaliangalii kabisa ni kuandika. Programu iwe na imla, yaani wewe unatamka kiti, yeye anasikia sauti moja moja anaiandika. Ni kusoma kwa kurudi nyuma, na huwezi kubahatisha kwenye imla kwa sababu hakuna cha kuangalia. Kama seti yako haina hilo haina neno, ongeza mwenyewe, kalamu na karatasi vinatosha.

Na ya kulipia kila mwezi? Hata ikiwa nzuri, kwa mtoto aliyeshazoea kugusa picha na kupata nyota mi ningeiweka mbali mpaka asome maneno ya herufi tatu kwa mdomo wake mbele ya mtu. Anayeahidi kwamba mtoto yeyote atasoma baada ya muda mfupi hajamuona mtoto wako.

Ukitaka kujua kama anasoma au anabahatisha, usizibe picha. Andika maneno ya kubuni, yasiyo na maana, timaku, kamitu, na baadae kwa Kiingereza nis, tas. Mwambie haya ni majina ya wanyama wa nyota nyingine, tuyasome tujue wanaitwaje. Watoto wanapenda sana hilo. Hawezi kukisia jina ambalo halijawahi kuwepo, ama anaunganisha ama haunganishi, na wewe unapata jibu bila machozi. Uingereza tangu 2012 watoto wa miaka mitano sita hivi wanapimwa kwa orodha ya maneno 40, na 20 kati yake ni ya kubuni kwa sababu hiyohiyo.

Kwa siku dakika kumi zinatosha, kumi na tano mwisho. Mi nilikuwa naanza bila kitabu, mdomo tu, hata mkiwa mnakunja nguo unaweza, nipe ile k-i-t-i, kaa kwenye k-i-t-i, mtoto anabandika kwa masikio kabla hajabandika kwa macho, na ukiona hata kwa masikio hawezi baki hapohapo siku kadhaa usiende kwenye herufi. Kisha kadi za zamani harakaharaka, kisha sauti mpya moja, ukiona nzito usilete mpya hiyo siku, maneno matano sita ya kuunganisha, imla ya maneno mawili, ukurasa mmoja wa kijitabu. Akikosea usimwambie hapana na usitikise kichwa, maana umeona anachofanya na kichwa chako, anakitumia kama picha. Weka kidole chini ya herufi aliyoikosea useme "hii inasemaje?" halafu arudi mwanzo wa neno. Macho yako yaangalie karatasi sio yeye. Akiinua macho kutafuta jibu akute na wewe unaangalia neno, hilo dogo ukilishika litakusaidia kuliko programu yoyote.

B na d kwa umri wake ni kawaida kabisa, watoto wengi wanazichanganya mpaka saba hivi na wanaziacha wenyewe. Usizifundishe pamoja. Shika b mpaka iwe ya kwake kabisa, anaiandika huku anaitamka, ndo baadae uilete d.

Baba yake ana ukweli nusu. Ufini wanaanza shule mwaka wanaotimiza saba na wanasoma vizuri tu, kwahiyo hujachelewa na mtoto hajachelewa, na wifi yako mwache na wa kwake. Ila kusema atasoma tu mwenyewe, hapo sikubaliani nae. Kuongea mtoto anakuokota kwenye kusikia watu, kusoma wengi hawakuokoti, wanafundishwa, na huyu wa kwako akiachwa mwaka mzima na mazoea ya kukisia atafika saba akiwa hodari zaidi wa kukisia. Kaeni nae muelewane, mwambie namheshimu kwa kutokuwa na haraka na naomba hiyo subira aitumie kumsomea mtoto hadithi usiku wewe ukipumzika.

Kitu kimoja usikiache kipite. Mpeleke akapimwe masikio na macho, hasa masikio kama amewahi kuugua mara kwa mara, mtoto asiyesikia vizuri sauti ndogondogo kama f na s hawezi kuziunganisha hata umfundishe vipi. Na ukifundisha kwa mpangilio kila siku, kama miezi sita hivi, na bado hawezi kubandika sauti tatu, au kama kwenu au kwa baba yake kuna aliyehangaika sana na kusoma utotoni, mtafute mtaalamu amuangalie kama ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma ambao mtu anazaliwa nao, maana inaenda kwenye familia. Haina uhusiano na uzito wa akili, na hao nao wanasoma wakifundishwa kwa mpangilio huuhuu, ila polepole zaidi na kwa kurudia zaidi. Sikwambii kwamba anayo. Nakwambia ili usije ukangoja mwaka mzima kwa woga.

Sasa hadithi. Usiziache hata siku moja, na usizifanye somo. Watafiti Gough na Tunmer waliandika mwaka 1986 kwamba kusoma kwa kuelewa ni kama hesabu ya kuzidisha, uwezo wa kuyafungua maneno mara uwezo wa kuielewa lugha, na kwenye kuzidisha upande mmoja ukiwa sifuri jibu ni sifuri. Mtoto wako upande wa pili amejaa tele, hadithi, maneno, hata sauti ya simba anaijua, na hiyo umempa wewe kwa kumsomea kila siku. Kinachohitaji kazi ni ule upande mmoja tu. Kwahiyo tenganisha vitabu, vijitabu vya dakika kumi viwe na sehemu yao, na vitabu vya hadithi vibaki vile vilivyokuwa, vya kukaa mapajani na kusikiliza, na akitaka kukusomea kwa kukariri mwache asome, msikilize, mpigie makofi kama alivyofanya baba yake.

Leo jioni kabla hujamfungulia kitabu akikuuliza utaziba, mwambie hapana mwanangu, siku ile nilikosea, siwezi kuziba tena. Msomee yote na picha zote wazi. Kesho asubuhi akiwa ameamka vizuri chukua kadi mbili tu, m na a, na ufunge mlango wa kabati la vingine vyote.

Mwalimu